Daktari aliyeubaini uvimbe uliofichwa na jina la mwingine

Makumbusho ya Mütter mjini Philadelphia, Marekani, yana vipande vyembamba vya ubongo wa Albert Einstein vilivyobanwa kwenye vioo. Aliyevikabidhi mwaka 2011 ni Dkt. Lucy Rorke-Adams, na wengi walilisikia jina lake kwa sababu hiyo tu. Madaktari wa saratani za watoto wanamfahamu kwa jambo zito zaidi.

Rorke-Adams, binti wa wahamiaji wa Kiarmenia, alihitimu udaktari Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 1957, kisha akabobea katika patholojia ya ubongo wa watoto. Katika Hospitali ya Watoto ya Philadelphia, kazi yake ilikuwa kukipima kwa hadubini kinyama kilichotoka chumba cha upasuaji na kusema ni ugonjwa gani. Mara nyingi mgonjwa hamjui daktari huyo, lakini dawa atakazopewa zinategemea jibu lake.

Baadhi ya watoto wachanga na wadogo waliambiwa wana meduloblastoma, uvimbe unaoota sehemu ya nyuma ya ubongo, lakini matibabu yake hayakuwasaidia. Kwenye vinyama vya watoto hao, katikati ya seli ndogo za buluu, kulikuwa na seli kubwa zenye kiini kilichosukumwa pembeni. Mwaka 1996, yeye na wenzake Roger Packer na Jaclyn Biegel walichapisha taarifa za watoto 52, wakaonyesha kuwa huo ni ugonjwa unaojitegemea: AT/RT (kwa Kiingereza, atypical teratoid/rhabdoid tumor). Wengi wa watoto hao hawakuishi muda mrefu.

Hadubini peke yake haitoshi, maana si kila kinyama huonyesha seli hizo. Ufumbuzi ulitoka kwenye jeni. Karibu kila AT/RT ina hitilafu katika jeni ya SMARCB1, iliyo kwenye kromosomu ya 22, hivyo seli zake hukosa protini ya INI1. Kinyama kikipakwa kemikali inayoitafuta protini hiyo, viini vya seli za mishipa ya damu, ambazo zina protini hiyo, hugeuka kahawia. Vya uvimbe havigeuki.

Vipimo vya jeni vilimrekebisha hata yeye. Kundi la uvimbe wa ubongo lililoitwa PNET, alilolipigania mwaka 1983, liliondolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016.

Mzazi ambaye mtoto wake ametolewa uvimbe aulizie majibu ya kinyama na aombe nakala yake. Jibu hilo ndilo linaloongoza matibabu.