"Umejuaje?": Mazungumzo na Wanazuoni kama Njia ya Kuwafikishia Wananchi wa Sengerema Matokeo ya Utafiti wa Sayansi za Jamii

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 1998, wanafunzi 9,645 wa shule za msingi za vijijini mkoani Mwanza, wenye umri wa miaka 14 au zaidi, waliingizwa katika utafiti uliojulikana kwa jina la MEMA kwa Vijana. Walitoka katika jamii 20 za wilaya za Sengerema, Geita (ambayo wakati huo ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mwanza), Misungwi na Kwimba. Jamii 10 zilipata programu ya elimu ya afya ya uzazi kwa madarasa ya tano hadi ya saba, pamoja na mafunzo kwa watumishi wa zahanati na vituo vya afya ili wawahudumie vijana kwa staha. Jamii 10 nyingine zilibaki kuwa za ulinganisho. Vijana walijibu maswali, wakapimwa, na mwaka 2002 wakafuatwa tena. Mwaka 2007 na 2008 vijana wa jamii hizohizo walipimwa kwa mara nyingine.

Watu waliokuwa darasani wakati ule sasa wamevuka miaka arobaini. Wengi ni wazazi, na watoto wao wanakaa katika madarasa yaleyale. Ni haki kuuliza wanajua nini kuhusu kilichopatikana kutokana na majibu waliyoyatoa. Makala haya yanatumia utafiti huo kueleza kwa nini mazungumzo yaliyorekodiwa na mtafiti mbobezi, kwa Kiswahili, yanaweza kuyafikisha matokeo ya sayansi za jamii mahali ambapo muhtasari, kipeperushi na hata makala ya jarida havifiki.

2.0 Matokeo yasiyofupishika

Matokeo ya MEMA kwa Vijana ni magumu kusimulia. Ujuzi wa vijana kuhusu afya ya uzazi ulipanda, na baadhi ya mienendo waliyoieleza wenyewe ilibadilika, lakini maambukizi ya virusi vya UKIMWI hayakupungua kwa kiwango kinachoweza kuhusishwa na programu. Mtu akilifupisha jambo hilo katika sentensi moja, msikilizaji atasikia kwamba elimu haina maana. Hivyo sivyo watafiti walivyosema. Maelezo yao yaligusa mipaka ya kile kilichoruhusiwa kufundishwa shuleni, desturi za jamii ambazo darasa haliwezi kuzibadilisha peke yake, na ukweli kwamba wasichana wengi huwa na wapenzi waliowazidi umri, ambao hawakuwa wanafunzi wa programu hiyo.

Makala ya mwaka 2010 yenye matokeo ya muda mrefu yalichapishwa katika jarida la PLoS Medicine, ambalo husomwa bila malipo. Kwa hiyo mkazi wa Sengerema mwenye simu na intaneti anaweza kuyafungua leo. Sisi tunaohifadhi tasnifu zetu katika makavazi ya wazi ya vyuo vikuu huwa tunahesabu hatua hiyo kuwa ndiyo kufikika kwa utafiti. Ukweli ni kwamba makala yako kwa Kiingereza, yamejaa viwango vya uwezekano na uwiano wa hatari, na hayampi msomaji nafasi ya kusema: ngoja kwanza, kwa nini kijiji chetu kiliwekwa upande wa ulinganisho? Mikutano ya mrejesho, ambayo ni kawaida katika tafiti za namna hii, hutoa nafasi hiyo kwa saa moja au mbili, kisha hakuna kinachobaki.

Jambo linalonivutia zaidi katika utafiti huu ni kwamba watafiti wenyewe walikwisha kuonyesha nguvu ya mazungumzo. Sambamba na majaribio, kundi la wanasayansi ya jamii lilifanya utafiti wa kielezo uliojulikana kama HALIRA, na baadhi ya wasaidizi wa utafiti waliishi na familia za wenyeji katika vijiji tisa, kwa jumla ya wiki 158 za uchunguzi shiriki. Mwaka 2004 Mary Plummer na wenzake walichapisha ulinganisho wa njia tano za kukusanya taarifa za mwenendo wa kujamiiana wa vijana hao. Walikuta majibu ya kijana huyohuyo yakitofautiana kutoka njia moja hadi nyingine. Wapo ambao vipimo vilionyesha bila shaka kwamba walikwisha kujamiiana, lakini katika hojaji walikana. Kwa wasichana hasa, mahojiano ya kina yalifungua mengi yaliyofichwa na hojaji, na kuishi kijijini kuliwapa watafiti uelewa ambao hakuna orodha ya maswali ingeweza kuutoa.

Basi hapa kuna mwelekeo unaostahili kufikiriwa. Taaluma iliyothibitisha kwamba mtu hufunguka zaidi anapozungumza kuliko anapojaza fomu, inapofika zamu yake ya kusema, huandika kwa namna iliyo karibu zaidi na fomu. Kitabu cha Plummer na Daniel Wight cha mwaka 2011 kuhusu maisha ya vijana wa vijijini Mwanza kina utajiri mkubwa wa maelezo, lakini nacho ni cha Kiingereza. Namna watafiti walivyogundua kuwa watu walikuwa wakiwaficha ndiyo habari ambayo msikilizaji wa kawaida angeifuata kwa hamu, kwa sababu anaijua kwa uzoefu wake. Nani asiyejua kwamba mgeni mwenye karatasi mkononi huambiwa anachotaka kusikia?

3.0 Kuchagua neno mbele ya msikilizaji

Ugumu wa pili ni wa lugha. Joyce Wamoyi, mwanasayansi ya jamii wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) jijini Mwanza, ni miongoni mwa wanazuoni wanaotajwa sana duniani katika suala la mahusiano ya kimapenzi yanayoambatana na fedha au zawadi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu vijijini kaskazini mwa Tanzania, yeye na wenzake walionyesha kuwa wasichana wana misukumo tofauti: wengine hukimbia umaskini mkali, wengine hutaka vipodozi, wengine hutafuta mtaji wa biashara. Walionyesha pia kwamba jamii huona kupokea kitu katika mapenzi kuwa jambo la kawaida, na msichana asiyepewa chochote ndiye anayeonekana kudharauliwa.

Kiingereza cha kitaalamu kina istilahi moja tulivu kwa jambo hilo. Kiswahili kinampa mzungumzaji maneno yenye hukumu ndani yake. Akisema "umalaya", ameshaufuta ugunduzi wenyewe, kwa kuwa kiini chake ni kwamba wahusika hawauhesabu uhusiano huo kuwa biashara ya mwili. Akisema "zawadi", amefunika upande wa shinikizo na wa kutokuwa na uwezo wa kukataa. Akisema "kuchuna", amewachekesha vijana na kuwaudhi wazazi. Mfasiri wa muhtasari huchagua neno moja na kuendelea na kazi yake. Katika mazungumzo, mtafiti hulazimika kusimama hapo, kujaribu neno, kulikataa, na kueleza kwa nini halitoshi. Kwa maoni yangu, dakika hizo chache za kusitasita zina thamani kuliko ukurasa mzima wa tafsiri sanifu, na wanaistilahi wangefaidika kuzisikiliza.

4.0 Nani aulize, na kwa lugha ipi

Kutumia redio kufikisha maarifa si jambo geni nchini. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, iliyoratibiwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliwakusanya wananchi wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili. Mafanikio yake yalikuwa makubwa. Hata hivyo, lengo lilikuwa kubadilisha matendo: kuchimba choo, kuchemsha maji. Wananchi walijadili la kufanya. Kuwahoji wataalamu hao walijuaje hakukuwa sehemu ya mpango. Mkondo wa utafiti shirikishi uliofuata, kama mradi wa Jipemoyo ulioanza Bagamoyo mwaka 1975 chini ya Marja-Liisa Swantz, ulikwenda mbali zaidi kwa kumhesabu mwanakijiji kuwa mtafiti mwenza.

Mazungumzo ninayoyazungumzia yana umbo jingine. Mfano wake unaojulikana ni Social Science Bites, mfululizo wa sauti ulioanzishwa Uingereza mwaka 2012 na David Edmonds na Nigel Warburton. Mwanazuoni mmoja huhojiwa kwa muda mfupi juu ya jambo moja, na msaili amejiandaa vya kutosha kumkatiza. Nguvu ya umbo hilo iko kwa msaili. Msaili anayeshangilia tu humgeuza profesa kuwa mhubiri, nasi katika mazingira yetu ya heshima kwa wakubwa tuko katika hatari hiyo zaidi. Kumwuliza "Profesa, umejuaje?" huweza kusikika kama utovu wa adabu. Njia mojawapo ni kuyakusanya maswali mapema kutoka kwa wasikilizaji, ili msaili aulize kwa niaba yao: "Mzazi mmoja anauliza, Profesa, kama masomo hayakupunguza maambukizi, kwa nini mwanangu aendelee kuyasoma?" Swali likipita kwa mzazi, adabu haijavunjwa, na mtafiti hana pa kujificha.

Sengerema ina chombo kinachofaa. Kituo cha mawasiliano cha jamii kilichoanzishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa mchango wa Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH) na mashirika ya kimataifa, ndicho kilichozaa redio ya jamii ya Sengerema FM. Watafiti wa NIMR wako ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, na tangu Juni 2025 Daraja la Kigongo–Busisi limeondoa foleni ya kivuko kati ya pande hizo mbili.

Linalobaki bila ufumbuzi ni Kisukuma na Kizinza. Kanuni za utangazaji zinazitaka redio zitumie Kiswahili au Kiingereza, hivyo bibi aliyemlea mtoto wa mwaka 1998 huenda akayapata mazungumzo haya kwa nusu tu. Rekodi haina budi kuwafuata wasikilizaji wa aina yake kwenye vikundi vya akiba na mialo ya wavuvi, ambako mjukuu anaweza kuisimamisha na kufasiri. Kwa sababu hiyo vipande vya dakika kumi vinafaa kuliko kipindi cha saa nzima, na kila kipande kibebe swali moja. Kwa watahini, hoja ya kujadili ni kama rekodi ya namna hiyo, pamoja na maswali ya wasikilizaji yaliyoizaa, ipokelewe na kuhifadhiwa katika makavazi kama kiambatisho cha tasnifu, na ihakikiwe na nani.