Wazee, Serikali na Intaneti: Fundisho kutoka Denmark

Katika Katekisimo Kubwa ya mwaka 1529, Luther anapoifafanua amri ya nne huanza na baba na mama, kisha huendelea hadi kwa watawala. Mwishoni huwakumbusha wenye mamlaka kwamba wao nao wana wajibu kwa walio chini yao. Kwa hiyo heshima kwa wazazi na utii kwa serikali vimo chini ya amri moja. Makala hii inakusudia kuchunguza swali linalotokana na jambo hilo: serikali inapochagua kusema na wananchi kwa njia ya intaneti, je, mzee anabaki kuwa mwananchi mwenye sauti?

Denmark, nchi yenye mapokeo marefu ya Kilutheri, inatupatia mfano ulio wazi. Tangu tarehe 1 Novemba 2014, kila mkazi mwenye umri wa miaka 15 na zaidi anapaswa kupokea barua za serikali katika sanduku la kielektroniki. Kwa mujibu wa sheria, barua huhesabiwa kuwa imemfikia mwenyewe mara tu inapowekwa humo, awe ameisoma au hajaisoma. Mzee asiyeweza kulifungua sanduku hilo aweza kupitwa na tarehe ya kukata rufani au ya kwenda hospitali, wala asijue.

Watunga sheria waliiona hatari hiyo. Asiye na kompyuta nyumbani, mwenye ulemavu, au aliyepungukiwa na kumbukumbu aweza kuomba katika manispaa yake aendelee kuletewa barua za karatasi. Vilevile mzee aweza kumruhusu mwanawe au jirani kuzisoma barua kwa niaba yake. Maktaba za umma na chama cha wazee kiitwacho Ældre Sagen hutoa mafunzo kwa msaada wa watu wa kujitolea, ambao wengi wao ni wazee wenyewe. Hata hivyo mafunzo hayo hayana mwisho. Kitambulisho cha awali, NemID, kilitumia kadi ya karatasi yenye namba za siri. Kati ya mwaka 2021 na 2023 mahali pake palichukuliwa na MitID, itumiayo simu, au kifaa kidogo kwa wasio na simu ya namna hiyo. Waliokwisha kuizoea kadi walilazimika kuanza upya.

Hapa hatuna budi kutofautisha mambo mawili. Kumpa mtu ruhusa rasmi ya kukusaidia ni uwakilishi: mipaka yake inajulikana, na mwenyewe aweza kuiondoa. Kumkabidhi mtu namba yako ya siri ni kumwachia nyumba na funguo zake. Msaidizi wa namna hiyo, hata akiwa mwana mpendwa, huweza kuwa bwana.

Tena, kupokea barua peke yake siyo kushirikishwa. Nchini Denmark, tangu mwaka 1997, sheria huitaka kila manispaa iwe na baraza la wazee, lililochaguliwa na wakazi wenye miaka 60 na zaidi, na kulisikiliza kabla ya kuamua mambo yanayowahusu. Tangu mwaka 2018, pendekezo la wananchi lililoungwa mkono katika intaneti na watu 50,000 laweza kufikishwa bungeni. Lakini tuangalie: baraza la wazee lilitangulia, intaneti ikafuata. Chombo hiki huikuza sauti iliyokwisha kupewa nafasi. Hakiwezi kuiumba pasipo nafasi.

Kwetu Tanzania, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilimtambua mzee kuwa ni mtu mwenye miaka 60 na zaidi. Mwaka 2020 laini za simu zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa. Kwa mtu ambaye vidole vyake vimesuguliwa na jembe kwa miaka hamsini, hata kutambuliwa na mashine kwaweza kuwa mtihani.

Wajane wa Kiyunani waliposahauliwa katika huduma ya kila siku (Mdo 6:1-6), mitume hawakuwalaumu kwa kushindwa kuufuata utaratibu, waliubadili utaratibu. Mchungaji na mwinjilisti wanaweza kufuata njia hiyo. Mosi, wawatafute vijana waaminifu wa usharika wa kuwafundisha wazee, wakikaa kando yao na kuwaachia simu mikononi mwao. Pili, wakatae kutunza namba za siri za washarika, hata wakiombwa kwa nia njema. Tatu, waiombe serikali ya kijiji au mtaa iache dirisha moja wazi kwa ajili ya yule anayekuja kwa miguu, na barua yake mkononi. Dirisha hilo likifungwa, mzee huyo hutawaliwa pasipo kusikilizwa.