Foleni za Dar es Salaam zinamgusa mkazi na msafirishaji

Mkazi wa Dar es Salaam akiulizwa kero za jiji lake, foleni haikosi kutajwa. Mfanyabiashara anayefuata mzigo Kariakoo au bandarini naye imo kwenye hesabu yake, kwani barabara ni zile zile.

Mwaka 2008 wachumi Alois Stutzer na Bruno Frey walichapisha uchambuzi wa takwimu za Ujerumani. Ilitarajiwa kwamba anayesafiri mbali kwenda kazini hufidiwa na mshahara mzuri au nyumba nafuu. Kinyume chake, waliosafiri muda mrefu zaidi walionekana kuridhika kidogo zaidi na maisha.

Dar nako wengi hufuata viwanja na kodi nafuu Mbezi, Chanika au Mbagala, huku kazi zikibaki Posta, Kariakoo na bandarini. Kinachochosha si kilometa tu. Anayejua atafika baada ya saa moja hupanga siku yake. Asiyejua kama ni saa moja au tatu huamka alfajiri, na bado huweza kuchelewa.

Hatua zimechukuliwa. Mwaka 2016 daraja la Kigamboni lilifunguliwa, na Mei mwaka huo mabasi ya mwendokasi yakaanza kupita katika njia yake yenyewe Barabara ya Morogoro. Barabara za juu zilifuata Tazara mwaka 2018 na Ubungo mwaka 2021. Hata hivyo, abiria wa mwendokasi walikuja kulalamikia uchache wa mabasi. Njia ikiwa wazi lakini basi haliji, muda uliookolewa barabarani hupotelea kituoni.

Kwa msafirishaji, somo ni hili. Barabara ya Mandela hupeleka kontena kutoka bandarini hadi Ubungo, ambako malori hushika Barabara ya Morogoro kuelekea Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Wakala wa forodha, karani wa ghala na kuli ni abiria wa daladala kwanza. Wakikwama, lori nalo husubiri.

Bandari kavu ya Kwala mkoani Pwani, iliyozinduliwa rasmi Julai 2025, imelengwa kupokea mizigo ya nchi jirani ili malori yasilazimike kuingia mjini. Ambaye mzigo wake bado unatokea mjini, akubaliane mapema na wakala saa ya kupakia, na aepuke asubuhi na jioni.