Je, Wajua? Mzazi Anapotafuta Mkono wa Mtu

Msibani, kabla hata tanga halijaanuliwa, hakosekani mtu wa kunong'ona: "Hapa pana mkono wa mtu." Leo tunawatazama baba wawili walioamini hivyo hadharani, tena kwa miaka mingi. Mmoja ni Mohamed Al-Fayed, tajiri wa Kimisri aliyeishi Uingereza. Mwingine ni John Ward, Mwingereza mwenye hoteli kutoka Suffolk. Wote walizika watoto, na wote walisema wanafichwa ukweli.

Je, wajua kwamba Dodi Fayed, mwana wa Al-Fayed, alizikwa siku ileile aliyofariki? Gari alilopanda na Princess Diana lilibamiza nguzo ya 13 ya njia ya chini ya Pont de l'Alma, Paris, usiku wa kuamkia tarehe 31 Agosti 1997. Kabla siku haijaisha, baba yake alikuwa ameshamleta London, akasaliwa katika msikiti wa Regent's Park na kuzikwa Kiislamu. Wiki nzima dunia ilimlilia Diana. Dodi, mwenye umri wa miaka 42, alitajwa kama mtu aliyekuwa naye tu.

Je, wajua dereva alikuwa mfanyakazi wa nani? Henri Paul alikuwa naibu mkuu wa ulinzi wa hoteli ya Ritz, mali ya Al-Fayed tangu 1979. Vipimo vilionyesha pombe karibu mara 3 ya kiwango kinachoruhusiwa Ufaransa. Gari lilikuwa likienda karibu kilomita 100 kwa saa mahali pa kilomita 50. Hapo ndipo penye mwiba: ukikubali kwamba ni ajali, lawama inarudi nyumbani kwa mzazi mwenyewe.

Je, wajua baba huyo alimtuhumu nani? Alimtaja Mwanamfalme Philip, mume wa Malkia Elizabeth, pamoja na shirika la ujasusi la MI6. Tarehe 18 Februari 2008 alisimama mahakamani kama shahidi katika uchunguzi wa vifo hivyo na kuyasema hayo: kwamba Diana alikuwa mjamzito, kwamba yeye na Dodi walikuwa wanakaribia kutangaza uchumba wao, na kwamba ukoo wa kifalme haukutaka mkwe Mwislamu.

Je, wajua madai yake hayakupuuzwa? Polisi wa London walichambua madai 175 ya njama. Ripoti yao ya Desemba 2006 ina kurasa 832. Hawakuona njama, wala ushahidi wa mimba. Kisha jopo la raia 11 likasikiliza mashahidi zaidi ya 250 kwa miezi 6. Tarehe 7 Aprili 2008, wajumbe 9 kati ya 11 waliamua kwamba vifo vilitokana na uzembe mkubwa wa dereva na wa magari yaliyokuwa yakiwafukuza. Walitaja pia mikanda: Diana na Dodi hawakuwa wameifunga.

Je, wajua kuhusu glasi ya Harrods? Al-Fayed alipokuwa na duka hilo kubwa la London, aliweka humo kumbukumbu yenye picha za Dodi na Diana. Ndani ya kifuniko cha kioo palikuwa na glasi ya mvinyo ya chakula chao cha mwisho pale Ritz. Haikuoshwa. Alama ya rangi ya mdomo ya Diana ilibaki ukingoni. Kando yake palikuwa na pete ambayo, kwa maelezo yaliyowekwa hapo, Dodi aliinunua siku moja kabla ya ajali. Mzazi asiyeosha glasi hajakubali kwamba karamu imekwisha.

Je, wajua akili zetu hupenda kisa kikubwa kiwe na sababu kubwa? Mwaka 1979 wanasaikolojia wawili wa Marekani walionyesha jambo hili: rais akipigwa risasi na kufa, watu huhisi pana njama kuliko akipigwa na kupona. Risasi ni ileile. Basi mpe mzazi jibu la "pombe, mwendo na mkanda", umwone anavyotikisa kichwa. Ni vidogo mno mbele ya mtoto wake.

Lakini je, wajua kwamba mara nyingine mzazi husema kweli? Septemba 1988, Julie Ward, mpiga picha wa miaka 28, alitoweka Maasai Mara, Kenya. Baba yake, John Ward, alifika akakodi ndege ndogo za kumtafuta. Kilichopatikana ni vipande vya mwili, vimeungua. Wakubwa wakasema ameliwa na wanyama.

Je, wajua kesi hiyo iligeuzwa na neno moja? Daktari aliyeupima mguu aliandika kwamba umekatwa. Ripoti ikabadilishwa, ikasoma kwamba umeraruliwa. Kukatwa ni kazi ya kisu. Kuraruliwa ni kazi ya meno. Ward aliyapeleka mabaki hayo Uingereza, na mtaalamu wa Cambridge akaona alama za kitu chenye makali. Mwaka 1989 hakimu wa Kenya mwenyewe aliamua kwamba Julie aliuawa. Watu 3 walishtakiwa katika kesi mbili, 1992 na 1999. Wote waliachiwa huru, na hakuna aliyetiwa hatiani.

Je, wajua baba hawa walikutana katika neno moja? Sanamu ya shaba ya Dodi na Diana aliyoisimamisha Al-Fayed pale Harrods mwaka 2005 iliitwa *Innocent Victims*, yaani wahanga wasio na hatia. Kitabu cha Ward cha 1991 kinaitwa *The Animals Are Innocent*, yaani wanyama hawana hatia. Ward alisafiri kwenda Kenya zaidi ya mara 100 kwa ajili ya neno hilo.

Je, wajua tofauti yao iko wapi? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na uchungu wao hauna mizani. Tofauti ni kwamba shaka ya Ward ilikuwa na mfupa ambao daktari mwingine angeweza kuushika na kuusoma. Shaka ya Al-Fayed ilipimwa Paris, ikapimwa London, ikakosa cha kuishika. "Lisemwalo lipo" ni methali nzuri, ila haimalizi kesi.

Je, wajua kwamba msiba haumtakasi mtu? Mwaka 2024, baada ya Al-Fayed kufariki, wanawake wengi walijitokeza kumtuhumu kwa ubakaji na udhalilishaji. Nao wanastahili kusikilizwa kama alivyosikilizwa yeye.

Je, wajua alifariki lini? Tarehe 30 Agosti 2023, akiwa na miaka 94, siku moja kabla ya mwaka wa 26 wa kifo cha Dodi. Alizikwa kando ya mwanawe, Surrey. Ukikaa mkekani na mzazi wa namna hii, usimcheke, wala usimchochee kwa uvumi. Muulize alichokiona kwa macho yake, kisha msaidie kuidai ripoti ya daktari, neno kwa neno. Huko Mara, ukweli wote ulikuwa umefichwa ndani ya neno moja.