Ngoma inalia vizuri uani, mbona kwenye telefone inakuwa kama debe?

Mara nyingi vijana wa kwaya wanatuletea nyimbo zao hapa redioni kwenye kadi ya telefone. Tunafungua, tunasikia sauti za wamama na vijana, nzuri kabisa. Kisha ngoma inaingia, na hapo kila kitu kinaharibika: waimbaji wanazama, na ngoma yenyewe inatoa mlio wa mtu anayegonga debe tupu. Tunalazimika kurudisha kadi. Wengine wanakasirika, wanafikiri tumewabagua. Hapana, ndugu. Ni ngoma tu ndiyo imetushinda.

Mimi mwenyewe nilijifunza jambo hili kwa hasara. Miaka kadhaa iliyopita nilienda kwa mzee mmoja ambaye alijua mapigo ya engoma ambayo vijana wa leo hawayajui tena. Alipiga karibu nusu saa. Mimi nilisimama mbele yake, telefone karibu iguse ngozi, nikidhani kwamba ukiwa karibu ndiyo unasikia vizuri. Kufika nyumbani, nilichokuwa nacho ni mpasuko mtupu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Nikasema nitarudi juma lijalo. Nilipofika, nyumba ilikuwa imefungwa: familia ilikuwa imekimbia sababu ya usalama. Mpaka leo sijamuona tena.

Watu wanasema, "Haina shida, tutarekebisha kwenye kompyuta." Ile si kweli. Sauti ya kidijitali iko na dari yake. Pigo likipita dari, mashini inakata kichwa cha sauti, na kile kilichokatwa hakikuandikwa popote. Programu inaweza kupunguza makelele, inaweza kuongeza besi, lakini haiwezi kurudisha kitu ambacho hakikuingia. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kabla ya kubonyeza kitufe.

Tuanze na umbali, sababu hapo ndipo wengi wetu tunakosea. Pigo la ngoma ni kali sana kwa muda mfupi sana. Ukisogeza telefone nyuma, pahali pa wazi, kila mara umbali unapozidi mara mbili nguvu ya sauti inashuka kwa desibeli 6. Kwa hiyo kutoka nusu metre mpaka metre 2 umepunguza desibeli 12, bila kumwambia mpigaji apige polepole. Na usimwambie hivyo kamwe! Ngoma iliyopigwa kwa woga inasikika kwa woga. Kama kuna waimbaji, telefone iwe karibu na vinywa vyao, na ngoma iwekwe nyuma yao. Fanya jaribio la dakika moja, pigo kali kuliko yote, kisha sikiliza kwa ekuta. Kama programu yako inaonyesha kipimo, pigo kali lisipite desibeli 10 chini ya dari. Utaona sauti ni ndogo, usiogope: sauti ndogo iliyo safi inaongezwa baadaye.

Jambo hili si jipya kwetu. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mtafiti aliyeishi Afrika Kusini, alipita kaskazini-mashariki mwa Kongo, pembeni ya msitu wa Ituri, na kati ya watu aliowarekodi walikuwemo Wanande. Hakuwa na studio. Mara nyingi alishika mikrofoni mkononi mwake, akiisogeza kwa mwimbaji au kuirudisha nyuma, akitafuta pale ambapo kila kitu kinasikika. Mwaka 1954 alianzisha maktaba ya muziki wa Afrika, ambayo leo iko kwenye chuo kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Sauti za wazee wetu ziko huko, na ngoma ndani yake haijapasuka. Telefone yako ya leo ni nyepesi kuliko vyombo vyake vyote. Masikio na uvumilivu tu ndivyo vinatukosa.

Ngoma yenyewe pia inahitaji kutayarishwa. Huku kwetu milimani asubuhi ni baridi na ukungu, ngozi inanyonya unyevu, inalegea, mlio unakuwa mzito na mfupi. Wazee wanaiotesha moto au wanaianika juani, na wako na haki: ngozi ikikauka inakazana, sauti inapanda. Lakini itarudi kulegea, kwa hiyo rekodi kabla haijapoa. Kama ngoma iko wazi chini, usiikalishe moja kwa moja kwenye sima. Iinamishe kidogo au iweke juu ya vipande viwili vya mbao, ili hewa ipate pa kutokea.

Halafu nyumba. Chumba kidogo chenye kuta tupu na sima chini kinarudisha kila pigo mara kumi. Kwenye kona, besi inajaa kama maji kwenye shimo, kwa hiyo toa ngoma kwenye kona. Simamisha matela ukutani nyuma ya mpigaji, tundika blanketi, leta magunia yenye nguo. Kama bado inavuma, tokeni uani. Uwanja wa majani hauna ukuta wa kurudisha sauti. Shida ya nje ni upepo, kuku, pikipiki, na mashini ya umeme ya jirani. Saa kumi na mbili asubuhi ni afadhali. Ndani ya nyumba ya mabati, mvua ikianza funga kazi, hakuna dawa.

Kuhusu telefone: toa koti lake, tafuta tundu la mikrofoni (mara nyingi liko chini) na ulielekeze kwa muziki. Weka hali ya ndege, simu isije ikaita katikati. Telefone nyingi zinajipunguzia sauti zenyewe pigo likiingia, kisha zinapandisha tena, ndiyo maana waimbaji wanasikika kama wanapumua kwa shida. Kuna programu za kurekodi zinazokubali kuzima mambo hayo. Tafuta moja, na uchague WAV. Inakula nafasi, karibu megabaiti 5 kwa dakika ikiwa ni mono, lakini haikati kitu.

Vijana wa Butembo wenye bateri (ile ya muziki, siyo ya mwanga) wananiuliza kuhusu mikrofoni nyingi. Mbili zinatosha. Muhimu ni zote mbili ziwe na umbali sawa kutoka kesi klere, pima kwa kamba. Sauti inatembea metre 1 kwa karibu milisekunde 3. Umbali ukitofautiana, mapigo yanafika kwa kupishana, yanakulana, na besi inapotea. Ndani ya grosi kesi weka blanketi moja. Mwaka 1971 Led Zeppelin walirekodi bateri ya wimbo wao mmoja mashuhuri chini ya ngazi za nyumba ya zamani huko Uingereza, mikrofoni mbili tu zikiwa juu.

Ukimaliza, sikiliza kwenye redio ndogo au spika ya telefone. Wasikilizaji wetu wengi wako na hivyo, na hivyo havitoi besi ya chini. Pale ngoma inasikika kwa mlio wa kiganja, siyo kwa tumbo lake. Kwa hiyo usiongeze besi kwenye kompyuta: utajaza wimbo kitu ambacho hakuna atakayekisikia.

Na kabla ya pigo la kwanza, mpigaji aseme jina lake, jina la ngoma, pahali na tarehe. Kisha utuletee faili kwenye kadi au fleshi. Kama lazima upite kwa WhatsApp, itume kama dokima, siyo kama ujumbe wa sauti, sababu ule unakamua sauti mpaka ngoma inarudi kuwa debe.