Mchumia juani hula wapi?



Ukifika Pemba wakati wa msimu wa karafuu huna haja ya kuuliza kama watu wako kazini. Harufu yenyewe itakujibu. Mchana wachumaji wako juu ya mikarafuu, mguu mmoja kwenye tawi hili, mwingine kwenye lile, na upembo mkononi wa kuvutia kishada kilicho mbali. Jioni jamaa nzima hukaa kuchambua, yaani kutenganisha karafuu na makonyo yake. Kesho yake majamvi hutandazwa, na karafuu huanikwa juani siku kadhaa mpaka igeuke rangi na kukauka barabara.

Wakristo kisiwani humo ni wachache. Wengine ni walimu, wauguzi au askari waliotoka Bara, wengine ni wakulima na vibarua. Jumapili hukusanyika kanisani. Lakini lipo swali ambalo Mkristo wa Pemba, kama Mkristo wa mahali popote, hubaki nalo Jumatatu asubuhi: Jumapili ni ya Mungu, je, siku sita zilizobaki ni za nani?

Wako wanaojibu kwamba kazi ni adhabu tuliyoachiwa na Adamu. Hilo si kweli. Soma kitabu cha Mwanzo, sura ya pili. Adamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza kabla hajatenda dhambi yoyote. Miiba na jasho chungu vilikuja baadaye, lakini kazi ilikuwepo tangu mwanzo, nayo ilikuwa njema. Bwana Yesu mwenyewe alijulikana kwao kama seremala. Mtume Paulo alishona mahema. Tena Paulo aliwaandikia Wakolosai kwamba lolote wafanyalo walifanye kwa moyo, wakijua kuwa wanamtumikia Bwana na si wanadamu tu.

Hapo, mpenzi msikilizaji, wahubiri wengi huishia. Mimi naomba tusiishie hapo, kwa maana Paulo alipoandika maneno hayo alikuwa akisema na watumwa. Na Pemba inajua utumwa ni nini.

Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, lakini Pemba ilisalimika. Tangu hapo Pemba ikawa ndiyo nyumba ya karafuu. Mashamba yakapanuka, na mikono iliyoyapanda, kuyapalilia na kuyachuma ilikuwa kwa wingi mikono ya watumwa. Wazee wetu walisema: mchumia juani, hulia kivulini. Kwa miaka mingi methali hiyo ilikuwa uongo katika mashamba yale. Aliyechuma juani alikuwa mmoja, na aliyekula kivulini alikuwa mwingine.

Je, mtu angesimama mbele ya mtumwa yule na kumwambia afurahi kwa kuwa kazi yake ni ibada? Mungu alikuwa pamoja na mtumwa, hilo halina shaka. Lakini Mungu hakuwa pamoja na mjeledi. Ndiyo maana Paulo hakunyamaza upande wa pili. Mistari michache tu baadaye anawageukia mabwana na kuwataka wawatendee watumwa wao kwa haki, akiwakumbusha kuwa wao pia wana Bwana mbinguni. Naye Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anasema kuwa ujira uliozuiliwa wa wavunaji unapiga kelele, na kelele hizo humfikia Mungu.

Mwezi wa Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed, akisukumwa na Waingereza, alitia saini amri ya kuondoa hali ya utumwa kisheria. Hata hivyo mtumwa ilimbidi aende mwenyewe kuomba uhuru wake. Wenye watumwa walipewa fidia, lakini waliofanya kazi bila ujira miaka yote hawakulipwa kitu.

Mwaka huo huo Wakristo wa Uingereza waitwao Marafiki, au Waquaker, wakiongozwa na Theodore Burtt, walianzisha misheni huko Banani, Pemba. Walinunua shamba la mikarafuu na kuwaajiri watu waliotoka utumwani. Miti ilikuwa ile ile, na jua lile lile. Lakini sasa mchumaji alipokea ujira wake, na sala ilisaliwa penye kazi. Hilo lilikuwa jambo kubwa.

Lakini tuseme na lisilopendeza. Wazungu wengi wa wakati ule, watawala na wamisheni, walihofu kuwa mtu aliyeachwa huru atakuwa mvivu mpaka afundishwe kufanya kazi. Afundishwe na nani, ikiwa mashamba yote ni jasho lake? Wengi walioacha mashamba ya mabwana walikwenda kulima vyakula vyao wenyewe. Kazi hawakuikimbia, walichokataa ni kumchumia mwingine bila haki.

Somo hilo limerudi mara nyingi. Serikali iliyokuja baadaye ilinunua karafuu zote, na kwa miaka mingi, hasa miaka ya 1980 na 1990, bei aliyopewa mkulima ilikuwa ndogo mno. Mashamba mengi yakaachwa yakamezwa na magugu, na karafuu zikavushwa kwa magendo hadi Mombasa. Mwaka 2011 serikali ya Zanzibar iliipandisha sana bei ya mkulima, na watu wakarudi kuitazama mikarafuu yao kwa moyo.

Basi kazi ya siku sita huwa ibada namna gani? Kwanza, kwa mkono mwaminifu. Karafuu huchumwa kabla ua halijafunguka, ukichelewa imekwisha. Ukivunja tawi kwa pupa, umemwibia atakayechuma mwakani. Ukiilundika mbichi ikachacha, au ukaificha makonyo ndani ya gunia ili uzito upande, hapo umesema uongo bila kufungua kinywa. Pili, kwa mizani ya haki. Mwenye shamba Mkristo anayepunja pishi ya mchumaji asijisumbue kuimba kwa sauti kubwa Jumapili. Na tatu, kwa kumkumbuka Mungu penye kazi. Jirani yetu Mwislamu hapandi mkarafuu kabla hajasema Bismillahi. Sisi nasi tungejifunza kutoanza bila sala, hasa kwa kazi ambayo tawi moja likikatika, mtu hurudi nyumbani amebebwa.

Hayo si ya Pemba peke yake. Dada unayeuza maandazi, kaka unayekaa nyuma ya meza ya ofisi, mama unayefua nguo za watu, juma hili jiulize mambo mawili. Je, kazi yangu naweza kumwonyesha Mungu bila aibu? Na yule anayenifanyia kazi mimi, anakula kivulini, au nimemwacha juani?

Hadi wiki ijayo, Mungu aibariki kazi ya mikono yako.