Kabla Uamuzi Haujapita

Huko Diff, Wajir Kusini, mpakani na Somalia, mfugaji anajua kisima kipya kinavyoweza kuharibu malisho. Mifugo hujazana hapo, nyasi za pembeni huisha, watu huhamia na kujenga, na njia ya ngamia huzibwa. Kila kisima kikipimwa peke yake huonekana hakina neno. Madhara hutokea vinapojumlishwa. Ndiyo sababu ya kuwapo tathmini ya kimkakati ya mazingira: hupima sera, mpango au programu nzima kabla haijaamuliwa.

NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, ilitoa mwongozo wa kitaifa wa tathmini hiyo mwaka 2012. Marekebisho ya sheria ya mwaka 2015 yakasisitiza kuwa ni ya lazima. Je, ubora wa mwongozo hupimwaje? Wakaguzi wengi hutazama kama hatua zote zimetajwa, lakini hata mwongozo dhaifu huweza kuzitaja. Mimi hutazama kwanza wakati: mwongozo unamfunga nani, na kuanzia siku gani?

Kwa mfano, ukanda wa uchukuzi wa LAPSSET, unaotoka bandari ya Lamu kupitia Garissa hadi Isiolo na kuendelea, ulizinduliwa Machi 2012. Tathmini yake ya kimkakati ilikuja miaka kadhaa baadaye. Aprili 2018, katika kesi iliyofunguliwa na wakazi wa Lamu, Mahakama Kuu ilisema tathmini hiyo ilipaswa kutangulia, ikaamuru pia wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ukanda ukishachorwa na ahadi kutolewa, njia mbadala hubaki za karatasini.

Jambo la pili ni sauti ya watu, na hapa ndipo miongozo mingi hulegea. Kusema "umma ushirikishwe" hakutoshi. Tangazo la Gazeti Rasmi halimfikii mtu aliyehama na ngamia wakati wa jilaal, kiangazi kikali. Mwongozo mzuri ungetaja msimu wa kukutana, Kisomali kama lugha ya kikao, na soko la mifugo au kisima kama mahali pake. Ungetaka pia njia za kuhama zichorwe kwenye ramani pamoja na wafugaji wenyewe, kwani sehemu kubwa ya ardhi ya malisho ni ya jamii.

Mwisho, mwenye kuamua alazimishwe kueleza hadharani, kwa maandishi, alichobadilisha kwa sababu ya tathmini na alichokataa. Kifungu hicho kikikosekana, ripoti hupigwa muhuri na mpango huendelea ulivyokuwa.